Wote Kumi Walilala: Somo kutoka kwa Kompyuta Iliyolala

 

Kijana mwenzangu, leo nataka tukae kidogo na swali ambalo wengi wetu tunaliuliza kimoyomoyo lakini hatuthubutu kulitamka mbele ya paroko au mlezi wa vijana: je, Mkristo ana haki ya kuchoka? Tunaambiwa tukeshe, tutumike, tujitoe bila kujibakiza. Sasa yule anayesema, "Jamani, nimechoka, wiki hii naomba nipumzike," amekosa? Au yuko sahihi?

Swali hili lina watu ndani yake. Mmoja unamjua. Ndiye mwalimu wa kwaya, ndiye katibu wa VIWAWA, ndiye anayepanga viti, ndiye anayefundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza. Mwaka wa tatu sasa hajasema hapana hata mara moja. Siku hizi anafoka kwa vitu vidogo, na akipiga magoti mbele ya Ekaristi Takatifu anasikia ukavu tu. Akisema amechoka, anaambiwa huyo ni shetani anamchosha. Mwingine naye unamjua. Aliacha kuja jumuiya akasema, "Nipo mapumzikoni kidogo, nitarudi." Hiyo "kidogo" ina miaka miwili. Ukimuuliza, hasemi ameacha imani. Anasema imani ipo, ameiweka pembeni tu.

Wote wawili wanashughulika na neno moja, kupumzika. Wa kwanza analiogopa, wa pili amelifanya maficho. Tukimwambia wa kwanza maneno yanayomfaa wa pili, tutamvunja. Tukimwambia wa pili maneno yanayomfaa wa kwanza, tutampoteza. Kwa hiyo tunahitaji kipimo. Nami naomba tukitafute mahali ambapo pengine hukutegemea: kwenye kompyuta mpakato, laptopu ile, pale inapolala.

Bukundi, jua likishazama

Mjini chaji ni jambo dogo. Ukiishiwa unachomeka ukutani, maisha yanaendelea. Lakini hebu twende Bukundi, kata ya Wilaya ya Meatu, mkoani kwetu Simiyu, mkoa wa pamba na ng'ombe. Mfikirie kijana wa kigango huko anayetegemea paneli ya sola iliyofungwa juu ya bati. Ana laptopu ya zamani, na humo ndimo ilimo ratiba ya semina, orodha ya wanaojiandaa kwa Kipaimara, na nyimbo za kwaya alizozichapa mwenyewe mstari kwa mstari. Jua likishazama, chaji aliyo nayo ndiyo hiyo hiyo mpaka kesho. Kukiwa na mawingu, hata kesho ni mashaka. Kijana huyu hahitaji kuhubiriwa juu ya akiba. Anajua kwamba kila dakika ya mwanga wa kioo ina gharama yake.

Basi anafanyaje? Kwanza anapunguza mwanga wa kioo na kufunga programu asizozihitaji. Kazi inaendelea, ila kwa kiasi. Halafu akiitwa kula, au akitaka kwenda kufunga ng'ombe, ana njia tatu mbele yake.

Njia ya kwanza ni usingizi mwepesi, ile wengi tunaiita slipu. Kioo kinazimika, feni inanyamaza, prosesa inasimama. Lakini kumbukumbu ya muda, pale kazi yako ilipo, bado inalishwa umeme. Na kumbukumbu hiyo ni kitu cha ajabu: haiwezi kushika jambo kwa nguvu zake yenyewe. Chembe zake zinavuja. Kwa kawaida kila baada ya milisekunde 64, yaani zaidi ya mara 15 kwa sekunde moja, lazima zikumbushwe upya kile zilichokuwa zimekishika. Kwa nje mashine imelala fofofo, lakini ndani kuna kitu kinakumbushwa bila kukoma. Ndiyo maana ukigusa kibodi inaamka mara moja, na sentensi yako ipo palepale ulipoiacha. Umeme unaotumika ni mdogo sana ukilinganisha na wakati wa kazi. Ni mdogo, lakini si sufuri. Ukiisahau hivyo siku kadhaa betri inaisha, na kile ambacho hukukisevu kinapotea.

Njia ya pili ni usingizi mzito, haibaneti. Hapa, kabla ya kulala, mashine inaandika ndani ya diski kila kilichokuwa kwenye kumbukumbu ya muda, halafu inakata umeme karibu wote. Kuamka kwake kunachelewa kidogo. Lakini hata betri ikiisha, hata ikikaa wiki nzima ndani ya sanduku, kazi ipo. Njia ya tatu ni kuzima kabisa: kufunga kila kitu, na kesho kuanza upya.

Mwaka 1996 kampuni za Intel, Microsoft na Toshiba zilitoa kanuni za pamoja za kusimamia umeme ndani ya kompyuta, zinazoitwa ACPI, na ndani yake zikapangwa ngazi hizi za usingizi. Nalipenda jambo moja hapo. Wahandisi hawakuuhesabu usingizi kuwa hitilafu. Waliupangia nafasi yake, wakauwekea taratibu, wakaufanya sehemu ya maisha ya mashine.

Mungu hakumkemea Eliya

Sasa, ikiwa wahandisi waliona hivyo kuhusu mashine, sembuse Mungu aliyetuumba na kuuweka usingizi ndani ya miili yetu? Fungua Injili ya Marko 4:35-41. Dhoruba inavuma, mashua inajaa maji, na Yesu amelala nyuma ya chombo, kichwa chake kikiwa juu ya mto. Mwana wa Mungu amelala usingizi! Hakuna Mkristo atakayesema alikuwa mzembe. Alikuwa amefundisha umati mchana kutwa, akachoka, akalala, kwa sababu ana Baba anayemwamini.

Au msome Eliya katika 1 Wafalme 19. Nabii amekimbia jangwani, ameketi chini ya mti, anaomba afe. Leo tungemwitia semina ya uongozi. Mungu hakufanya hivyo. Alimwacha alale. Malaika akamwamsha, akala mkate, akanywa maji, akalala tena. Mara ya pili akaamshwa, akala, ndipo akapewa safari ya siku arobaini mpaka mlima Horebu. Tazama mpangilio huo: usingizi, chakula, usingizi, chakula, kisha utume. Sisi mara nyingi tunaanza na utume na kumalizia na utume, halafu tunashangaa kwa nini viongozi wetu wa vijana wanazimika kama taa iliyoishiwa mafuta.

Mtakatifu Toma wa Akwino, katika Summa yake ya Teolojia, anasimulia habari iliyopokewa kutoka kwa wazee wa jangwani kumhusu Mtakatifu Yohane Mwinjili. Watu walikwazika kumwona akicheza na wanafunzi wake. Yohane akamwambia mmoja wao aliyekuwa na upinde arushe mshale. Alipoirusha mingi, akamwuliza kama angeweza kuendelea hivyo bila kukoma. Yule mtu akajibu kwamba upinde ungevunjika. Basi, Yohane akasema, na roho ya mtu nayo ingevunjika kama isingelegezwa kamwe. Huku kwetu hadithi hiyo haihitaji mkalimani. Tunao Wahadzabe, ambao wengine wanaishi humu humu Meatu, watu wanaoujua upinde kwa mikono yao. Waulize kama upinde unakaa umevutwa kutwa kucha.

Na ikiwa umewahi kusinzia kwenye Rozari ukajiona umelaaniwa, jipe moyo. Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu naye alisinzia kwenye sala zake monasterini. Aliandika kwamba hakuvunjika moyo, kwa sababu wazazi wanawapenda watoto wao wakiwa macho na wakiwa wamelala.

Kwa hiyo jibu la kwanza ni hili, na nalisema bila kigugumizi kwa yule mwalimu wa kwaya: kuchoka si dhambi. Kupumzika si dhambi. Tena kunaweza kuwa tendo la imani, maana anayelala anakiri kwamba dunia itaendelea bila yeye, kwa sababu mwenye dunia hasinzii.

Lakini kuna Getsemane

Usifurahi haraka lakini. Yesu yule yule aliyelala mashuani aliwakuta Petro, Yakobo na Yohane wamelala bustanini, na safari hii akahuzunika (Mk 14:32-42). Usingizi ni ule ule, macho mazito ni yale yale. Tofauti iko wapi? Tofauti ni kwamba saa ile waliombwa. Rafiki yao alikuwa anakaribia kufa, akawaambia wabaki naye. Kulala kwao kulikuwa kumwacha mtu peke yake. Na hata hapo Bwana hakuwafukuza. Alitambua udhaifu wa mwili wao, akarudi kwao mara tatu.

Kumbe usingizi wenyewe haukupi jibu. Inabidi utazame yaliyoutangulia na mtu uliyemwacha ukilala. Na hapa ndipo tunafika kwenye sura ambayo naomba uisome yote leo usiku, Mathayo 25.

Mfano wa wanawali kumi tunaujua tangu mafundisho ya Ubatizo. Watano wenye busara, watano wapumbavu. Ukiwauliza vijana wengi kosa la wale wapumbavu lilikuwa nini, watakujibu, "Walilala." Soma tena mstari wa tano. Bwana arusi alipokawia, wote walisinzia wakalala. Wote kumi! Wenye busara nao walilala, pengine na kukoroma juu. Hakuna aliyefungiwa mlango kwa sababu ya usingizi. Waliofungiwa, walifungiwa kwa sababu ya mafuta. Kosa lilifanyika kabla ya kulala, wakati wangali macho, wakati maduka yalikuwa wazi na hakuna aliyekuwa na haraka.

Kijana wa Bukundi anauelewa mfano huu kuliko mimi. Mashine mbili zimelala usiku mmoja, mezani pamoja, zote giza. Ukizitazama huwezi kuzitofautisha. Moja kazi yake imehifadhiwa, nyingine haijahifadhiwa. Moja ina betri, nyingine ilikuwa imebakiza asilimia tatu. Asubuhi ndiyo inayosema ukweli. Ndiyo sababu nasema: uadilifu wa pumziko unapimwa kabla ya pumziko. Nami napendekeza tujiulize maswali matatu.

Swali la kwanza: umehifadhi nini kabla ya kulala?

Mtakatifu Paulo anawaonya Waefeso wasiache jua lichwe wakiwa bado na hasira (Efe 4:26). Kwa mtu wa sola maneno hayo yana maana mara mbili. Jua likizama, nafasi ya kuchaji imekwisha. Kuna mambo hayafai kuachwa kwenye kumbukumbu ya muda: ugomvi na ndugu yako, deni ulilolikana, ahadi uliyompa msichana wa watu, dhambi unayoijua jina lake. Tunasema, "Nitalishughulikia nikitulia." Tunafunga mfuniko. Lakini jambo halijafungwa, limelala usingizi mwepesi, na linakula betri polepole. Ndiyo maana unaamka umechoka hata baada ya kulala saa tisa.

Kanisa limetupa njia ya kusevu. Kila usiku kuna kutafiti dhamiri, dakika chache tu kabla ya kulala: leo nimependa wapi, nimeumiza nani, nashukuru kwa lipi. Na kuna Sakramenti ya Kitubio, ambako lile unalolishika kwa nguvu zako zinazovuja linawekwa mikononi mwa Mungu. Ukitoka kitini pale unaweza kulala usingizi mzito kweli, hata betri yako ikiisha usiku huo huo. Unanielewa? Namaanisha hata ukifa.

Na hapa linaeleweka lile jambo linalotukwaza katika mfano wa wanawali. Kwa nini wale wenye busara hawakugawa mafuta? Walikuwa wachoyo? Nadhani Bwana anatufundisha kwamba vipo vitu vya kuazimana na vipo visivyoazimika. Chaji naweza kukugawia, nikakupa waya wangu. Lakini ile kazi ambayo hukuihifadhi kabla mashine haijazimika, pengine hata fundi hodari wa Mwanza hatakurudishia. Mama yako anaweza kukuombea Rozari nzima kila siku, na zinasaidia sana hizo, lakini hawezi kutubu kwa niaba yako.

Swali la pili: nani ana ruhusa ya kukuamsha?

Mashine iliyolala haijafa. Kuna sehemu ndogo ndani yake inayobaki ikisikiliza: kitufe cha kuwashia, kibodi, mfuniko ukifunguliwa. Imepangiwa ni ishara zipi ziiamshe. Lakini kompyuta nyingi za siku hizi zimeletewa aina nyingine ya usingizi. Zinalala huku zimeunganishwa na intaneti, zinapokea ujumbe, zinapakua masasisho. Matokeo yake wengi wameyaona: unaitia kwenye begi ikiwa imelala, unaitoa ina joto kama kiazi kilichotoka jivuni, betri imekwisha. Ililala kwa jina tu.

Huo ndio usingizi wetu, vijana. Tunajilaza saa nne usiku, simu juu ya kifua, saa nane bado kidole kinapandisha video. Tunaita mapumziko. Kila mtu ana ruhusa ya kutuamsha: mtani wa kundi la WhatsApp, tangazo la mikeka ya kubeti, picha ya mtu tusiyemjua. Mungu peke yake ndiye anasubiri foleni. Asubuhi tunasema hatuna muda wa sala.

Mtazame Mtakatifu Yosefu. Katika Injili ya Mathayo Mungu anasema naye usingizini mara baada ya mara, na Yosefu akiamka anafanya. Aliambiwa amchukue Mtoto na mama yake wakimbilie Misri, akaondoka usiku ule ule (Mt 2:14). Papa Fransisko alikuwa na sanamu ya Yosefu aliyelala, na alipokutana na familia mjini Manila tarehe 16 Januari 2015 alisimulia kwamba akiwa na tatizo huliandika kwenye karatasi na kuliweka chini ya sanamu hiyo. Yosefu alilala kabisa, lakini mlango mmoja aliuacha wazi, mlango wa Mungu. Na mtoto Samweli alilala hekaluni, taa ya Mungu ikiwa haijazimika bado, akasikia akiitwa kwa jina (1 Sam 3). Kila ukiingia kanisani na kuiona ile taa ndogo mbele ya Tabernakulo, ikumbuke. Kanisa limefungwa, watu wamelala, lakini Aliye hai yupo.

Kwa yule rafiki yetu wa "nipo mapumzikoni kidogo", hili ndilo swali lake. Simuulizi kwa nini amepumzika. Pengine aliumizwa, pengine alitumikishwa kupita kiasi, pengine ana maswali ambayo hakuna aliyekaa naye kuyasikiliza. Namuuliza hivi: ndugu yangu, bado kuna kitu kinaweza kukuamsha? Kengele ya Misa? Msiba? Machozi ya bibi yako? Rafiki akikuita kwa jina? Maana imani iliyowekwa slipu haijasimama, kama unavyodhani. Inaendelea kuvuja. Ile kumbukumbu ya mashine inahitaji kukumbushwa mara nyingi ndani ya sekunde moja ili isisahau. Wewe unadhani moyo utakumbuka miaka miwili bila hata Baba Yetu moja? Kama huwezi kuanza na Misa, anza na sala fupi ya maneno matatu ukiwa njiani. Kidogo hicho ndicho kinachotofautisha aliyelala na aliyezimika. Na hata kama umezimika kabisa, usikate tamaa. Kitufe kipo. Bwana alimwamsha binti wa Yairo na Lazaro pia.

Swali la tatu: nani anakesha ili wewe ulale?

Naomba hapa usiruke, maana ndipo panapouma. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2186, inawakumbusha Wakristo wenye nafasi ya kupumzika wawakumbuke ndugu zao wenye mahitaji na haki zile zile, ambao hawawezi kupumzika kwa sababu ya umaskini na dhiki.

Ndugu hao si lazima wawe mbali. Tazama nyumbani kwenu. Mara nyingi kijana wa kiume amerudi likizo kutoka chuo, "anapumzisha akili", yupo kivulini na laptopu. Dada yake ameamka kabla ya jogoo kwenda kuchota maji, akarudi akapika, akaenda shambani kuchuma pamba, akarudi akaosha vyombo. Saa mbili usiku akitaka naye mwanga asome daftari lake, anaambiwa chaji ya sola imekwisha. Imekwisha kwa nani? Kwa filamu za kaka.

Je, pumziko la namna hiyo ni halali? Mimi naona ni usingizi wa Getsemane. Kuna mtu amechoka kando yako, na wewe umelala. Amri ya Sabato katika Kumbukumbu la Torati 5 haikumtaja baba mwenye nyumba peke yake. Ilimtaja mtumwa na mjakazi, ng'ombe na punda, na mgeni. Pumziko la Mungu ni la nyumba nzima. Papa Fransisko naye katika *Laudato Si'*, waraka wake wa mwaka 2015, anasema mapumziko ya Dominika yanatufungua macho tuone haki za wengine. Kwa hiyo ukitaka kujua kama pumziko lako ni takatifu, hesabu watu nyumbani. Kama Dominika wewe unapumzika na mama hapumziki, Dominika yenu bado haijafika.

Akiba si kuzika

Kuna mtu atasema: "Basi nimeelewa, nijitunze. Nipunguze utume, nipunguze kujitoa, nibaki na chaji yangu." Subiri. Yesu mwenyewe alilijua pingamizi hilo, ndiyo maana mara tu baada ya wanawali akasimulia talanta. Mtumishi wa tatu hakupoteza talanta yake. Aliihifadhi! Aliifukia ardhini salama kabisa, akairudisha kamili, na akahukumiwa kwa hilo hilo.

Wahenga walisema akiba haiozi, na walisema kweli. Ila talanta iliyozikwa ilioza bila kuoza. Betri za laptopu za leo, zile za lithiamu, zinatufundisha kitu hapa. Zinaumia zikimalizwa hadi sufuri na kuachwa hivyo. Lakini zinaumia pia zikikaa zimejaa asilimia mia siku zote, hasa kwenye joto. Ndiyo maana mashine nyingi zina mpangilio wa kusimamisha chaji kwenye asilimia 80. Betri inadumu ikipokea na kutoa kwa kiasi. Wala hakuna mtu anayenunua kompyuta ili aitazame ikiwa imejaa chaji. Inatunzwa chaji usiku ili ratiba ya semina ichapwe asubuhi.

Mwalimu wa kwaya, pumzika, ndiyo. Mpe mwenzako afundishe wimbo mmoja, hata akikosea noti. Lakini pumzika ili urudi. Pumziko la Kikristo lina kesho yake, na kesho hiyo ina sura za watu. Ndivyo Mathayo 25 inavyoisha. Baada ya mafuta na baada ya talanta, Mfalme anaketi kwenye kiti chake na kuuliza juu ya wenye njaa, wenye kiu, wageni, walio uchi, wagonjwa na wafungwa. Mafuta yalitunzwa ili kumwangazia Bwana arusi njia. Na Bwana arusi, kumbe, alikuwa anapita kwa sura ya dada yako mwenye daftari gizani.

Zoezi la juma hili

Nakuachia mambo matatu, madogo, yanayowezekana hata kwa asiye na laptopu wala sola.

Kila usiku, kabla ya kulala, chukua dakika tano za kutafiti dhamiri, na kama kuna mtu wa kupatana naye, mtumie neno kabla hujafumba macho.

Simu ilale mbali na kitanda. Chagua wewe nani akuamshe, na Mungu awe wa kwanza.

Dominika hii, mtafute mtu mmoja nyumbani asiyepumzika kamwe, umfanyie kazi yake ili yeye apumzike.

Tusali

Ee Bwana Yesu, uliyelala mashuani na kukesha Getsemane, utufundishe saa ya kulala na saa ya kukesha. Uwape pumziko vijana wako waliochoka kwa kukutumikia, wasione aibu kuinamisha kichwa kifuani pako. Uwaite kwa majina wale waliosinzia wakakusahau, na utufanye sisi kuwa sauti yako ya upole kwao. Utujalie mafuta ya kutosha katika taa zetu, na macho ya kuwaona wanaokesha kwa ajili yetu. Nawe utakapokuja, hata kama ni usiku wa manane, utukute tayari. Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.

Mtakatifu Yosefu, utuombee.
Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, utuombee.

Usiku mwema, kijana mwenzangu. Lala kwa amani.